Faharasa Mbili, Swali Moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya stakabadhi za maduka ya pembejeo kwa Common Lisp (lugha ya programu), na data naihifadhi kwa Elephant, maktaba ya kuhifadhi obijekti, juu ya hifadhidata ya Berkeley DB. Kila stakabadhi ni obijekti yenye sloti, yaani nafasi za taarifa zake. Sloti ya tawi ina faharasa (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka), ya tarehe nayo ina yake. Nikitafuta stakabadhi za tawi la Korogwe za Machi 2024, navuta orodha mbili kisha nazipitisha kwenye intersection, inayobakiza zilizo kwenye orodha zote mbili. Jibu ni sahihi, ila mteja husubiri hadi akachoka. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Faharasa zako ni nzima. Muda unaliwa na kinachofuata baada yake. Tuseme Korogwe ina stakabadhi 20,000, na Machi ina 3,000 kwa matawi yote. Kabla hujalinganisha chochote, umeshaundiwa hadi obijekti 23,000 kwenye kumbukumbu. Halafu intersection, ikifanya kazi kwa njia yake ya msingi, hulinganisha kila moja ya huku na kila moja ya kule. Hapo unakaribia ulinganisho milioni 60.

Anza na orodha fupi. Vuta Machi peke yake kwa get-instances-by-range, inayoleta obijekti za kati ya mipaka miwili, soma sloti ya tawi ya kila stakabadhi, zisizo za Korogwe ziache. Faharasa ya tawi usiiguse kabisa. Wengi huona hasara kuwa na faharasa wasiitumie, na ndipo programu nyingi nzuri huharibikia. Orodha zote zikiwa ndefu, tia namba za utambulisho za ile fupi kwenye jedwali la heshi, linalokuambia mara moja kama namba imo, kisha pitisha ndefu humo.

Lakini swali hili, naamini, unaulizwa kila siku. Basi jenga faharasa ya tatu yenye ufunguo unaokokotolewa kutoka sloti zote mbili, mfano KRG-20240315: KRG ni Korogwe, kisha mwaka, mwezi na siku. B-tree, muundo unaobeba faharasa, huweka funguo kwa mpangilio, kwa hiyo kuanzia KRG-20240301 hadi KRG-20240331 zote zimekaa pamoja, nawe unasoma hizo tu. Tawi litangulie, tarehe ifuate. Ukigeuza, Machi itakuletea matawi yote. Mwezi uandike 03, si 3, la sivyo, kwa kuwa funguo hupangwa herufi kwa herufi, Oktoba (10) itapangwa kabla ya Februari (2).

Kila stakabadhi mpya sasa itaandikwa kwenye faharasa moja zaidi. Stakabadhi huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, kwa hiyo mimi ningeilipa gharama hiyo bila kusita. Ila hakikisha za zamani nazo zimeingizwa humo. Zisipoingizwa, ripoti ya mwaka uliopita itatoka tupu, wala programu haitakuonyesha kosa lolote.