Kadi bado ina jina la nani? Majibu kwa waliouza na walionunua magari

Barua za mara hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: gari limeuzwa, hela imelipwa, kadi ya umiliki haijaguswa. Nimechagua chache. Wale mnaoniandikia kila mwezi "naomba utaratibu wa kubadili umiliki", utaratibu ni uleule: kadi halisi, mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili, TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho vya pande zote mbili, kisha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Sirudii tena.

Niliuza Noah yangu mwaka 2021. Mnunuzi aliniahidi angebadili jina akipata nafasi. Juzi polisi wamenipigia, gari limemgonga mtu Kibaha na dereva kakimbia. Mimi nahusikaje? – Msomaji, Kimara

Unahusika kwa sababu namba ikiingizwa kwenye mfumo linatoka jina lako, na askari hana pengine pa kuanzia. Usingoje kufuatwa. Nenda kituoni mwenyewe ukiwa na nakala ya mkataba, ushahidi wa malipo uliyopokea na namba ya simu ya mnunuzi. Kama nakala imepotea, muulize wakili aliyegonga muhuri, huenda anayo kwenye mafaili yake. Na ukienda, nenda na wakili. Mkataba utakusaidia kueleza kwamba siku hiyo gari halikuwa mikononi mwako, ila wa kueleza ni wewe, kwa nauli yako na muda wako.

Ukimaliza hapo, angalia kwenye mfumo wa polisi gari hilo lina madeni ya faini kiasi gani. Tochi, ile kamera ya mwendokasi, haimjui mnunuzi, inapiga picha namba. Ada za maegesho za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni hivyo hivyo. Halafu iandikie TRA barua, ambatanisha mkataba, ubaki na nakala iliyopokelewa kwa muhuri.

Niongeze neno hapa, ingawa hukuuliza. Hadi bajeti ya 2017/18 tulikuwa tunalipa ada ya leseni ya gari kila mwaka, kisha ikafutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta. Tulishangilia, na haki yetu. Lakini ile ada ilikuwa inatulazimisha mara moja kwa mwaka kukumbuka gari limeandikwa jina la nani. Siku hizi hakuna kinachokukumbusha. Gari linapita mikono minne, kadi imelala na jina la mtu aliyekwisha kuhamia Mbeya na kulisahau. "Akipata nafasi" ndiyo maneno yanayoniletea barua nyingi kuliko yote. Muuzaji, usimwachie mnunuzi kazi hii. Hela ikiingia, ongozana naye mpaka uone kadi imetoka kwa jina lake.

Dalali anashauri mkataba uandike milioni 3 badala ya 12 ili kodi ishuke. Kuna ubaya? – Mnunuzi, Tegeta

Upo. Tuanze na hesabu yenyewe, maana dalali hakukupigia. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kwa milioni 12 ni shilingi 120,000, kwa milioni 3 ni 30,000. Unaokoa 90,000. Sasa gari likigundulika ni la wizi, au chasisi haifanani na kadi, unataka urudishiwe hela yako. Hakimu atasoma nini? Milioni 3, na sahihi yako iko chini yake. Milioni 9 zako utazitafuta wapi? Tena TRA haifungwi na tarakimu mlizoandika, inaweza kuangalia thamani ya gari lenyewe. Na kudanganya kodi ni kosa, hata kama "wote wanafanya".

Dalali huyohuyo ndiye atakayekuletea mkataba uliosainiwa na muuzaji huku nafasi ya jina la mnunuzi ikiwa wazi. Maana yake gari kalinunua yeye, hataki kulipia umiliki, na wewe unachukua gari kutoka kwa mtu ambaye hamkuonana. Mwambie umuone mwenye kadi uso kwa uso, na kitambulisho chake mkononi. Akianza hadithi za safari ya Dubai, ondoka.

Gharama ni kiasi gani, na nani analipa?

Gari 50,000, pikipiki 27,000, kadi mpya 10,000, na hiyo stempu. Kwa desturi analipa mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba.

Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unatosha?

Hapana. Wakili.

Nimehama Tabata nimehamia Mwanza. Nibadili namba za gari? – Msomaji, Nyegezi

Namba zetu hazina mkoa, endesha. Cha kurekebisha ni taarifa zako za TIN: anwani, na hasa simu. Laini ukiitelekeza, kampuni ya simu humpa mtu mwingine, na ujumbe wako wa kodi atausoma yeye.

Aliyeniuzia gari amefariki kabla hatujabadili jina. Familia inasema gari ni la mirathi. – Msomaji, Morogoro

Pole. Usigombane na mjane wala watoto, hata wakikubali hawana mamlaka ya kukusainia. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Akishateuliwa, mpelekee mkataba na ushahidi wa malipo. Akikataa, peleka madai yako mahakamani kabla mali haijagawanywa. Ulilipa taslimu bila shahidi? Basi jiandae kwa safari ndefu.

Nimepata pikipiki kwa bei nzuri. Muuzaji anasema kadi iko kwa mtu, nitapewa baadaye. – Kijana, Mbagala

Iko kwa mtu aliyemkopesha. Ama kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa, ama tajiri aliyempa pikipiki kwa mkataba na hajamalizwa kulipwa. Siku mwenye kadi akija kuikamata, utabaki na helmeti. Bei nzuri ndiyo hiyo.

Nimebadili injini na rangi. Lazima kadi ibadilike?

Lazima. Gari likaguliwe, kadi irekebishwe. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza namba ya injini haitalingana na mnunuzi mwenye akili ataondoka.

Nimenunua gari lililokuwa la biashara, lina namba nyeupe. Nataka la kutembelea. Nikachonge tu kibao cha njano? – Msomaji, Arusha

Usithubutu. Rangi ya kibao inafuata matumizi yaliyoandikwa TRA. Omba matumizi yabadilishwe kwanza, ukikubaliwa ndipo uchukue namba za njano. Leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) iliyokuwa ya mwenye gari wa zamani usiitembelee. Na bima: ile aliyokata yeye ni ya kwake na ya biashara. Kata yako, kwa jina lako na matumizi yako, kabla hujatoa gari getini.