Mkorogo wa harusi: mdogo wangu, usilifungue hilo kopo

Usilifungue. Umeeleza kwamba harusi yako ni Desemba, kwamba wifi zako watarajiwa wanasema utatoka mweusi mno kwenye picha ukisimama kando ya kaka yao, na kwamba umekwisha kununua mkorogo Kariakoo. Sasa unauliza uanze kuupaka lini, uoge kwa sabuni gani, wifi zako uwajibu nini na kama mchumba wako anapaswa kujua. Walionitangulia kukujibu wamekushauri "upake kidogo kidogo tu", na ushauri huo nimeusoma kwa hasira, kwa sababu ndio niliopewa mimi, na hiyo kidogo kidogo ndiyo iliyonilaza wodini.

Mimi nilianza kwa sababu ndogo kuliko yako. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu, na tulipojiandaa kurekodi video mwenzetu mmoja akasema, huku akicheka, kwamba mstari wa mbele wasimame "waliotakata". Hakunitaja, na hakuhitaji kunitaja. Basi mtu aliyeimba kila Jumapili kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu akatoka kwenda kumtafuta fundi wa kusahihisha kazi ya Mungu, na fundi mwenyewe alikuwa kijana wa kibanda cha vipodozi aliyevaa koti jeupe kama la daktari.

Kijana yule bado naomba neema ya kumsamehe. Alinihakikishia kwamba dawa yake "inang'arisha, haichubui", nami nikamwamini kwa sababu ya koti. Alichota losheni kwenye kopo kubwa, akaongeza krimu nyeupe isiyo na lebo, akakamulia humo mirija kadhaa midogo, akakoroga kwa kijiko cha plastiki na kunipangia bei kulingana na haraka niliyokuwa nayo. Mirija ile nilikuja kuelewa baadaye kuwa ni ya klobetasoli, steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, ambayo daktari humwandikia mwenye pumu ya ngozi aipake sehemu ndogo kwa muda mfupi. Krimu isiyo na lebo ndiyo ambayo madaktari walihitimisha kuwa ilikuwa na zebaki. Zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) na steroidi vyote vimepigwa marufuku kuwekwa katika vipodozi nchini kwetu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna mkorogo "halali" na mwingine "feki". Hata huyo anayeukoroga hawezi kukuandikia kwenye karatasi kilichomo ndani yake na kuweka sahihi.

Kutakata nilitakata, siwezi kukataa, na nilisifiwa hata na watu ambao hawakuwahi kulijua jina langu. Nilipewa mstari wa mbele. Tatizo ni kwamba vifundo vya vidole vyangu havikupata taarifa ya mabadiliko hayo, hivyo uso ukawa na uraia wake na mikono ikabaki na uraia wa zamani, na katika kila picha ya pamoja nilikuwa mtu anayetafuta mfuko wa kufichia mikono katika gauni lisilo na mfuko. Muda si mrefu walewale waliosema nimetakata wakaanza kusema nimejichubua. Kumbuka hilo unapowaza kuhusu wifi zako: kibali nilichokinunua kwa ngozi yangu hakikudumu hata video ikamaliza kuhaririwa.

Lakini hasara kubwa kuliko zote niliipata kwa ulimi. Miguu ilianza kuvimba, kope zikawa zinaamka zimejaa kila asubuhi, mkojo ukawa na povu jingi kama la sabuni. Daktari aliona protini nyingi kwenye mkojo na akaniuliza waziwazi kama ninatumia krimu yoyote ya kubadili rangi ya ngozi. Pembeni yake alikuwa amesimama muuguzi ambaye ni msharika mwenzetu. Nikajibu kwamba mimi ni mtu wa mafuta ya nazi tu. Fikiria mtu ambaye figo zake zinavuja, amekaa mbele ya mtu pekee anayeweza kumsaidia, na bado anachokilinda ni picha yake machoni pa muuguzi! Wiki zikapita nikipimwa hili na lile, nikitibiwa kwa kubahatisha, fedha za wazazi wangu zikiteketea katika vipimo ambavyo visingehitajika, na usiku nikirudi nyumbani napaka tena, kwa kuwa kulikuwa na ibada ya mavuno na sikutaka nionekane nimefifia. Uongo huo ndio ulioniweka wodini, kwa sababu zebaki iliendelea kuingia mwilini siku zote ambazo daktari alikuwa anatafuta chanzo.

Aliyenigundua ni daktari mwingine, mzee, ambaye hakuuliza lolote. Alishika mkono wangu, akatazama vifundo vya vidole, kisha akatazama uso, akaniambia ndugu zangu walete kila ninachopaka. Alinieleza kwamba zebaki hupenya ngozi na kwenda kuharibu vichujio vya figo, na kwamba jambo hilo si geni kwetu: mwaka 1972 ilichapishwa ripoti kutoka Nairobi kuhusu wagonjwa waliovimba kwa namna hiyohiyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mama yangu alikuwa bado hajaolewa wakati huo. Miaka yote hiyo taarifa ipo, na bado kijana wa koti jeupe anauza.

Na hata hapo nilikosea tena, kwani kwa hasira niliacha kila kitu siku moja bila kutaja ile mirija. Uso uliwaka kama umemwagiwa maji ya moto, ukawa mwekundu na wenye vipele, kwa sababu ngozi iliyozoeshwa steroidi hulipuka inapoikosa. Tena aliyeipaka mwili mzima kwa muda mrefu anaweza kukuta tezi zake za adrenali, zile zilizo juu ya figo zinazotengeneza homoni za mwili, zimelegea. Wengine hubaki na ngozi nyembamba inayochelewa kufunga kidonda, jambo ambalo daktari wa upasuaji hapendi kulikuta mezani. Mimi nilibaki na madoa yenye weusi wa bluu mashavuni, kazi ya haidrokwinoni, na hayo hayajaondoka. Ndiyo, nilitumia fedha kununua weupe, nikapewa weusi ambao hata sikuzaliwa nao.

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia hapa hadi mnichoke: usitoe kwa ajili ya kibali cha mtu kitu ambacho mtu huyo hana uwezo wa kukurudishia. Wifi wakikwambia ubadili gauni, badili, kwa maana gauni hurudishwa dukani. Rangi uliyopewa na Mungu tumboni mwa mama yako hakuna wifi anayeweza kuirudisha, wala figo. Mwenzetu wa kwaya hakuja hata kunijulia hali. Alituma ujumbe wa pole wenye alama ya maua.

Kopo hilo usilitupe, na usimpe rafiki. Kama umekwisha kulipaka hata mara chache, nenda nalo hospitali, na ukiwa kanda ya kaskazini kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi. Omba upimwe mkojo. Kama una ujauzito au unadhani unao, sema kabla hujaulizwa, kwa sababu zebaki humfikia mtoto. Na akiwepo muuguzi mnayesali pamoja, sema vilevile, tena kwa sauti ya kusikika.