Msimu wa vimbunga ukitabiriwa kuwa mtulivu, tuache bima ya mafuriko?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Tunaishi kusini-magharibi mwa Houston, Texas, kwenye nyumba yetu wenyewe. Bima ya mafuriko inaisha mwezi ujao. Tumesikia msimu huu vimbunga vitakuwa vichache kwa sababu ya El Niño. Kuna ndugu mmoja anayetuma utabiri wa sauti kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, naye anasema hata ikija itakuwa "dhoruba tu", si kimbunga, na sisi tuko mbali na bahari. Mume wangu anaona tuiache bima, tukiona kitu kinakuja tutakata nyingine. Unatushauri nini? (Mama wa watatu, Houston)

JIBU: Msiiache, dada yangu. Sababu ya kwanza ni ya kalenda. Mkiiacha ikafa, mpya ya mpango wa serikali huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, isipokuwa katika hali chache kama mkopo mpya wa nyumba. Mumeo anasema mtasubiri mkione kinachokuja. Mwaka 1983 kimbunga Alicia kilizaliwa tarehe 15 Agosti ndani ya Ghuba ya Mexico, karibu kabisa na kwenu, na usiku wa kuamkia tarehe 18 kikaipiga Galveston, pwani ya Texas. Vioo vya maghorofa ya katikati ya Houston vilimwagika barabarani. Tangu kizaliwe hadi kitue, siku tatu. Na mwaka huo Atlantiki nzima ilitoa dhoruba nne tu zenye majina, msimu mzima! Sijui msimu mtulivu kuliko huo tungeuomba kwa nani.

Hao wanaotabiri msimu, wa serikali na wa vyuo vikuu, hawakosei kusema El Niño, yaani bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, hupunguza vimbunga vya Atlantiki. Huleta upepo wa juu unaokwenda tofauti na wa chini, kimbunga kikakatwa kichwa kabla hakijasimama. Lakini wanachohesabu ni dhoruba za bahari yote, kuanzia pwani ya Afrika Magharibi hadi Mexico. Hawasemi neno lolote kuhusu mtaa wako. Ni sawa na kuambiwa ajali za barabarani zitapungua mwaka huu, ukafungua mkanda wa gari. Mwaka 1992 dhoruba ya kwanza kupewa jina ilichelewa hadi katikati ya Agosti, watu wakaanza kusema mwaka umepita salama. Dhoruba hiyo ndiyo Andrew, iliyosawazisha Homestead, Florida, tarehe 24 mwezi huohuo.

Na wewe uliyekulia kwetu unapaswa kushtuka ukisikia El Niño ikitajwa kama habari ya nafuu. Mvua za 1997 na 1998 zilizokata barabara na madaraja Kenya na Tanzania tulizitungia jina gani? Texas nayo, El Niño mara nyingi huielekeza kwenye mvua nyingi, hasa miezi ya baridi na masika yake. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa ya nguvu, na mwezi Mei, msimu wa vimbunga haujafunguliwa hata rasmi, mto wa Brays Bayou ulifurika usiku mmoja ukaingia majumbani huko kusini-magharibi mwa Houston. Hapakuwa na kimbunga wala dhoruba yenye jina. Ilikuwa mvua ya radi.

Sasa nifike kwenye neno linalonikera, maana nalisikia kila mwaka, kwa lugha zote: "dhoruba tu".

Kipimo cha kimbunga, kategoria ya kwanza hadi ya tano, hupima upepo. Basi. Hakipimi mvua, hakipimi maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu, hakipimi mwendo. Upepo ukifika kilomita 119 kwa saa tunaita kimbunga; ukiwa kati ya 63 na hapo ni dhoruba ya kitropiki. Mto uliofurika hauulizi uko upande gani wa mstari huo. Vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga na dhoruba Marekani kwa miaka 50, kuanzia 1963 hadi 2012, vilichambuliwa, ikaonekana karibu tisa katika kila kumi vililetwa na maji. Upepo, huo tunaoupigia picha mitende ikiinama, ulichukua sehemu ndogo sana.

Waulize wenyeji wa Houston kuhusu Allison. Juni 2001 iliingia nchi kavu karibu na Freeport, ikapanda kaskazini, ikakosa upepo wa kuisukuma, ikageuka na kurudi kulekule. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 ilimimina maji juu ya jiji. Hadi inaondoka, kituo cha bandari ya Houston kilikuwa kimepima karibu milimita 940. Vyumba vya chini vya hospitali kubwa za Texas Medical Center vilijaa maji, umeme ukakatika, wagonjwa wakahamishwa. Haikuwahi kufika kuwa kimbunga hata kwa saa moja, na bado jina lake lilistaafishwa, yaani halitapewa dhoruba nyingine tena, heshima ambayo kwa kawaida hupewa vimbunga vikubwa. Harvey ya 2017 nayo, ambayo kila mtu huitaja kama kimbunga cha kategoria ya nne, ilikuwa imeshashuka kuwa dhoruba ya kitropiki ilipoizamisha Houston. Uzembe wake wa kutembea ndio ulioliangamiza jiji. Na nyumba zilizofurika katika kaunti yenu ya Harris, zaidi ya nusu zilikuwa nje ya eneo ambalo ramani zililitaja kuwa la hatari kubwa ya mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi maji hayo.

"Tuko mbali na bahari." Mwaka 2025 hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua Marekani bara, jambo lililokuwa halijatokea tangu 2015. Ukitaka msimu mtulivu kwa Mmarekani, ndio huo (Jamaika hawatakubali, maana Melissa iliwapiga tarehe 28 Oktoba ikiwa kategoria ya tano). Mwishoni mwa Juni kulikuwa na kidhoruba kiitwacho Barry kilichoishi chini ya siku moja na kutua Mexico, karibu na Tampico. Wengi hawakulisikia hata jina. Unyevu wake uliobaki ukasafiri kaskazini, ukakutana na unyevu mwingine kutoka Pasifiki, na alfajiri ya tarehe 4 Julai mto Guadalupe ukapanda ghafla katika vilima vya Texas ya kati, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mafuriko ya siku hizo yaliua zaidi ya watu 130.

Ndiyo maana sina subira na ndugu yenu wa sauti. Huyo au mwenzake huwa na mitindo miwili. Msimu ukitabiriwa kuwa wa kawaida, anachukua picha moja ya modeli moja ya kompyuta inayoonyesha hali ya siku kumi na nne mbele, iliyopakwa rangi nyekundu, na kutangaza maangamizi. Kesho yake modeli hiyohiyo imeshakifuta kimbunga, lakini sauti bado inazunguka. Msimu ukiwa mtulivu anageuka mshauri wa fedha. Mei 2024 Hidaya ilipopungua nguvu karibu na kisiwa cha Mafia, baada ya boti za Dar es Salaam na Unguja kusimamishwa, wenzake wa huku nyumbani waliwakejeli waliotoa tahadhari, kana kwamba kimbunga kufifia ni ushahidi kwamba hakikuwapo.

Kituo cha taifa cha vimbunga kilichoko Miami hutoa taarifa kila saa sita dhoruba inapokuwa hai, ikiwa na saa na tarehe juu yake, na ile pembe (umbo la koni) inayochorwa kwenye ramani inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, haionyeshi mvua itaishia wapi. Ukiwa nje ya pembe bado unaweza kulowa hadi dirishani. Mvua na mito ya Houston fuateni kwa ofisi ya hali ya hewa ya eneo lenu, na onyo la mafuriko ya ghafla likilia kwenye simu usiku, msizime mkalala. Maji ya sentimita 30 yanayotembea yanaweza kuliondoa gari dogo barabarani. Ya sentimita 60 huyabeba magari mengi, hata yale makubwa ambayo wenye nayo hujiona wako juu ya meli. Umeme ukikatika, jenereta ikae nje mbali na madirisha, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani wala gereji, hata kwa ugali wa dakika kumi.

Malipo ya bima yafanyeni kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua, na muulize kama inalipa vitu vya ndani pia, kwa sababu jengo na vitu hukatiwa tofauti. Marafiki zenu wapangaji nao wanaweza kukatia vitu vyao peke yake. Wengi hudhani hilo ni la wenye nyumba. Huyo wa WhatsApp mwombeni atume sauti yake ikiwa na tarehe, na ataje ameitoa wapi.