Tetemeko likianza: utoke nje au ubaki ndani?

Umeuliza kama ni heri kukimbilia nje. Kwenye jengo la ghorofa, hapana. Wengi huumia mlangoni na ngazini, maana vioo na matofali ya ukuta wa nje humwagikia hapo hapo. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, ushike mguu wake kwa mkono mmoja (meza nayo hutembea), mkono wa pili ukinge shingo.

Na usijipe moyo eti kitovu cha tetemeko (mahali pa ardhi palipo juu ya chanzo chake) kiko mbali. Katika tetemeko la Mexico la mwaka 1985 kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, lakini udongo laini wa ziwa la kale ulio chini ya jiji hilo ulikuza mtikisiko, na majengo ya urefu wa kati ndiyo yaliyoathirika zaidi.

Maandalizi: kabati refu lifunge ukutani kwa vyuma vya pembe. Skrubu ziingie kwenye tofali lenyewe. Zikiishia kwenye plasta, zitang'oka kwa msukosuko wa kwanza. Mtungi wa gesi ufungwe kwa mnyororo. Weka maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, angalau ya siku tatu. Viatu viwe ndani ya mfuko uliofungwa kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu usiku sakafu itajaa vioo.

Tetemeko likitulia, ukinusa gesi usiguse swichi wala kiberiti: funga valvu, utoke. Ukiona nyufa za mshazari kwenye nguzo, usirudi ndani hata kuchukua simu, kwani mitetemo midogo hufuata.