Vichanga na mpango wa taifa: maswali yenu wiki hii

Tunaambiwa vifo vya watoto vimepungua. Mbona wodini kwetu vichanga bado wanakufa? (Muuguzi, Tabora)

Dada, yote mawili ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa 2022 ukakuta 43. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi yake. Sasa tazama wanaofariki ndani ya siku 28 za mwanzo: kutoka 25 hadi 24. Mmoja tu, kwa miaka ipatayo saba! Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa asilie. Huyo anataka mkunga mwenye mfuko na barakoa ya kumpumulisha, ndani ya dakika ya kwanza, na wewe unajua kwamba usiku mkunga ni mmoja na kitanda cha pili kuna mama anavuja damu. Lengo la dunia kufikia 2030 ni vifo visivyozidi 12. Kwa mwendo huu hatufiki. Mpango wa taifa umeandikwa vizuri. Zamu ya usiku ndiyo imepwaya.

Mimi mwanakijiji naingia wapi kwenye mipango hiyo ya afya? (Mkulima, Singida)

Kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati yako, ndugu yangu. Tangu 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na wananchi wana wajumbe wao kwenye kamati hiyo. Kabla bajeti haijapelekwa halmashauri, uliza: mfuko wa kumpumulisha mtoto upo, na unafanya kazi? Nimewahi kukaa kikao ambacho rangi ya uzio ilikula saa nzima, oksijeni ikapata dakika tano.

Uchungu ukianza usiku na gari hakuna? (Baba mtarajiwa)

Piga 115, bure. Ni usafiri wa dharura wa m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga.

Mjukuu wangu njiti ana kilo 1.6. Wametuambia abebwe kifuani badala ya mashine. Wanatubania? (Bibi, Morogoro)

Hapana, bibi, shikamoo. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotoka 2021, ulionyesha kuwa njiti waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubiri kwanza hali itulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, ngozi kwa ngozi, khanga ifungwe imshike vizuri bila kumziba pua. Mama akichoka, mpokee wewe. Na msikubali kuruhusiwa kabla hamjaonyeshwa jinsi ya kumkamulia maziwa na kumnywesha kwa kikombe.