Muulize Fundi: Gari la turbo lililoletwa likiwa moto

SWALI: Ami Fundi, shikamoo. Nafanya kazi Changamwe, nakaa Mtwapa, na matatu zimenichosha. Mume wangu yuko melini. Kwa anazotuma na mkopo wa sako nimekusanya milioni mbili na laki mbili. Kuna Subaru Forester XT ya 2014, turbo ya lita mbili, kilomita 96,000, inauzwa Nyali. Jumamosi saa tisa mchana dalali aliniletea mpaka kazini nikaiendesha, na kwa kweli ina nguvu. Imeoshwa mpaka injini inang'ara. Nilipomwambia nataka fundi aitazame akanambia nisijisumbue, mwenyewe aliitunza sana, tena wako watu wawili wanaisubiri. Kaka yangu naye ananambia turbo ni balaa, nitafute gari la kawaida. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto wawili, Mtwapa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dalali usimsikilize kabisa, na kaka yako msikilize nusu.

Turbo ni kipanka kilichotiwa kwenye njia ya moshi. Moshi wa moto unazungusha upande mmoja, na upande wa pili unavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Mhimili unaounganisha pande hizo mbili huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, jirani na moshi ambao kwenye injini ya petroli iliyokanyagwa sana hupita nyuzi 800. Katika turbo nyingi mhimili huo unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi. Oili ikiwa safi na ya kutosha, turbo inaweza kuishi miaka mingi na injini yake. Oili ikicheleweshwa ikageuka tope, utando unakatika na chuma kinaanza kula chuma. Ndiyo maana nikiitwa kukagua gari la turbo swali langu la kwanza huwa ni la oili: ilibadilishwa lini, kwa kilomita ngapi, na risiti ziko wapi. Kwa joto la Mombasa na foleni zetu mimi husema kila kilomita 5,000, na sishuki bei hapo. Mwenye gari akikuonyesha risiti zilizofuatana, zina tarehe na kilomita, amekupa kitu kikubwa kuliko injini kuoshwa. Injini iliyooshwa imefutiwa ushahidi wote wa uvujaji.

Lakini kilichonishtua katika barua yako ni ile saa tisa mchana.

Mwaka 2009 shemeji yangu alipata gari la turbo kwenye yadi moja hapa mjini, akanichukua nimtazamie. Tulifika alasiri. Gari lilikuwa limeshazungushwa, boneti ina moto. Nikasikiliza, nikalikanyaga, nikaona linavuta vizuri, nikamwambia toa pesa. Kesho yake alfajiri alinipigia simu kutoka kwake Majengo. Nilipofika, ukuta mzima wa uchochoro ulikuwa hauonekani kwa moshi wa buluu. Tulipofungua paipu ya turbo nikakishika kile kipanka kwa vidole viwili: kilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na ncha za mapanga yake zilikuwa zimelika kwa kukwaruza nyumba yake ya chuma. Dada yangu aliuza bangili zake za dhahabu kulipia matengenezo. Tangu siku hiyo sikagui gari la turbo lililokwisha kuwashwa.

Kwa hivyo mwambie dalali utakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari lisiguswe. Ukifika, kabla hata ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti, halafu shika hozi kubwa ya rejeta. Ikiwa na vuguvugu, rudi nyumbani, umwambie kesho.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Tia kidole kwa ndani. Kikitoka na rangi ya asali iliyokoza au hata nyeusi nyepesi, sawa. Kikitoka na gundi nyeusi inayovutika, au vipande kama makaa yaliyosagwa, hilo gari limenyimwa oili na sitaki ulinunue kwa bei yoyote. Fungua na tangi la kulanti, yaani maji ya kupoza injini, bado injini ikiwa baridi. Yapaswa kuwa na rangi safi. Wengi wetu hapa pwani tunajaza maji ya kisima, na visima vya kisiwani vina chumvi. Chumvi ikishaingia, ndani kunakuwa na kutu ya rangi ya matofali, na turbo za siku hizi nyingi zinapozwa kwa maji hayohayo.

Sasa fundi awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia mahali isipotakiwa. Watakwambia ni baridi ya asubuhi. Huko Limuru ningewakubalia, lakini Nyali asubuhi hakuna baridi ya kutoa wingu.

Liache liungurume bila kukanyagwa dakika kumi, kisha fundi akanyage mara moja kwa nguvu. Wingu la buluu hapo linaelekeza kwenye sili za turbo. Injini za Subaru zina silinda zilizolala, na zikikaa usiku kucha zinaweza kutoa kijimoshi kidogo mwanzoni kikapotea mara moja, hicho kisikutishe. Kinachorudi baada ya zile dakika kumi ndicho cha kukutisha. Sikiliza pia. Turbo nzima ina mluzi mwembamba ambao ukiwa ndani, vioo vimefungwa, ni shida kuusikia. Ikilia kama king'ora kinachopanda na kushuka na mguu wako, mhimili umechoka.

Kwenye Forester ya umri huo turbo imekaa chini, mbele ya injini. Ukifungua boneti huioni, na ndipo watu wanapodanganywa. Lazima gari liingie shimoni au lipandishwe. Omba paipu ya hewa ifunguliwe. Kipanka kikisukumwa upande kwa upande, kucheza kidogo ni kawaida. Kikivutwa kuja na kwenda, usihisi kitu. Unyevu wa oili ndani ya paipu pia ni kawaida. Oili inayochuruzika ukiinamisha paipu si kawaida.

Mwambie fundi aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na atazame namba moja ambayo wengi hawaitazami: presha ya hewa kwenye manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, hapa Mombasa, tuko usawa wa bahari, isome karibu kilopaskali 101. Nairobi ingesoma karibu 83, kwa sababu wako juu. Kisha mpande barabara ya Nairobi, mtu wa pili ashike mashine, na mkianza kupanda kuelekea Mazeras, pakiwa wazi bila malori mbele, kanyaga. Namba ipande haraka ipite 150. Ikikwama karibu na 101, turbo haisukumi, au kuna paipu iliyopasuka inayomwaga upepo njiani. Utasikia na mfoko kama tairi inayotolewa upepo. Mkiteremka mlima, achia mafuta kabisa, gari lijivute lenyewe, halafu kanyaga tena huku mkitazama kioo cha nyuma. Moshi wa buluu hapo mara nyingi unatoka kwenye sili za valvu, turbo haihusiki. Ni ugonjwa mwingine, na bei yake nyingine.

Kama taa ya injini haiwaki, usifurahi bado. Makosa yanaweza kufutwa asubuhi hiyohiyo. Kompyuta yenyewe huonyesha kama majaribio yake ya ndani yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika kwenye gari linalotembea kila siku, muulize muuzaji nani alifuta na alikuwa akificha nini.

Muulize na hili, kwa upole tu: ukitoka safari ndefu, unazimaje gari? Anayejua turbo atakwambia huliacha liungurume dakika moja hivi, oili izunguke, turbo ipoe. Anayekushangaa hakujua alichokuwa akiendesha.

Tairi zote nne ziwe za saizi na kampuni moja na zimelika sawa, maana gari hili linavuta magurudumu yote. Logibuku itafutwe eCitizen kabla hujatoa hata shilingi, uone kama kuna benki inayolidai. Na pesa zako usizimalize kwenye kununua. Bakisha laki mbili za kubadilisha oili zote, plagi, na lile litakalotokea mwezi wa pili, kwa sababu huwa linatokea.

Dalali akikataa asubuhi au akikataa fundi, waache wale watu wawili walichukue. Nakusihi, mwanangu. Hizo ni pesa za mtu aliye baharini.

SWALI: Fundi, kuna Golf ya 1.4 turbo ya 2015 kwenye yadi. Naambiwa cheni zake ni mbovu, niikimbie. Kweli?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Lawama hiyo ni ya injini ya awali, iliyokuwa kwenye Golf ya kizazi cha tano na cha sita. Cheni yake ya taimingi hulegea, na ukiiwasha baridi unasikia mkwaruzo wa sekunde chache kabla oili haijapanda. Ya 2015 ni Golf ya kizazi cha saba, injini yake ni nyingine na inatumia mkanda. Wewe tafuta alama za kulanti iliyokauka karibu na pampu ya maji, mistari ya waridi kama shira iliyomwagika. Kisha ipeleke foleni ya Kongowea saa moja asubuhi. Giaboksi yake ina klachi mbili kavu. Iache itambae bila kukanyaga mafuta, simama, itambae tena, mara ishirini ikibidi. Ikitetemeka wakati wa kuondoka au ikigonga ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mwambie muuzaji apunguze bei ya klachi nzima, au aibakishe yadi.