Bibi Titi: Kutoka Jukwaani Hadi Kizimbani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kama Bibi Titi Mohamed alipigania uhuru, mbona serikali ileile aliyoipigania ilimfunga kwa uhaini? Nilikwepa kukujibu kwenye simu kwa sababu jibu la haraka lingemdhulumu.

Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa changa bado. John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wake: wanawake wenu wako wapi? Aliyekabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani ni Titi, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926, mwenye elimu ya msingi tu. Lakini mji ulimjua. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma ya Bomba, na sauti yake ilifika mbali bila kipaza sauti.

Hapa ndipo nataka utulie. Hakuanza na hotuba, alianza na vikundi vya ngoma. Vilikuwa na viongozi wao na wanawake waliozikana na kuchangiana kwenye shida, kwa hiyo ukimpata kiongozi mmoja umepata kundi zima. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, na wasomi wengi walihofia kazi zao. Mpika pombe au muuza maandazi angefukuzwa kazi na nani? Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshachukua kadi. Mtu akikwambia uhuru wetu uliletwa na wasomi, mkumbushe kina mama hao.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge, akawa waziri mdogo, na UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa mwaka 1962 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi kule Rufiji. Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Titi alikuwa nazo. Hakuzificha kwa jina la ndugu, alijiuzulu uongozi wa chama. Wapo wanaomlaumu kwa kuchagua mali. Mimi naheshimu kwamba alikataa jambo waziwazi na kukubali gharama yake. Mwanamke mwenye chake, tena katika zama zile, alikuwa na haki ya kuogopa uzee wa kuomba.

Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine, akiwemo Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri. Walishtakiwa kupanga njama ya kuipindua serikali, na yeye ndiye mwanamke pekee kizimbani. Alikana. Mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimsamehe.

Kwa hiyo yote mawili yaliandikwa juu ya mtu mmoja, na mimi siwezi kukufutia lolote. Ila nakwambia ninavyoamini: hukumu ile, hata kama ingekuwa ya haki, haikuweza kubatilisha kazi ya mwaka 1955. Kinachoniuma zaidi ni kimya kilichofuata. Nilimaliza shule bila mwalimu hata mmoja kunitajia jina lake. Ilibidi tufike 1991, uhuru ukitimiza miaka 30, ndipo gazeti la chama tawala likamwita shujaa tena. Alifariki Novemba 2000 akiwa kwenye matibabu Johannesburg, na leo unapanda daladala kwenye barabara yenye jina lake.

Mama yako